Kuhusu Wapishi wa Kifaransa Waliomtoa Kaka Yangu Mezani na Njaa

Kwa Mkurugenzi wa Vipindi,
Kituo cha Televisheni.

Ndugu Mkurugenzi,

Natumai barua hii inakukuta mzima na umeshiba, tena kwa chakula kinachoonekana kwa macho. Sisi huku miili haijambo, ila heshima ndiyo inayoumwa.

Mimi ni kinyozi. Saluni yangu iko kati ya duka la dawa na fundi saa. Ina viti viwili vya kunyolea, benchi la wanaosubiri, na televisheni niliyoitundika juu ya kioo ili mteja asigeuze shingo kutafuta picha nikiwa na wembe mkononi. Kwa miaka mingi televisheni hiyo ilionyesha mpira na taarifa ya habari, na wateja walibishana kama watu wazima. Kisha mkatuletea kile kipindi cha Jumamosi mchana cha wapishi wawili wa Kifaransa, yule mnene mwenye masharubu na yule mwembamba anayefumba macho akionja. Tangu hapo sina amani kazini wala nyumbani. Naandika kwa niaba ya benchi zima. Nimetumwa, na mjumbe hauawi.

Naomba pia ieleweke mapema kwamba mimi si shabiki wa kipindi hicho. Ninakitazama kila Jumamosi, na marudio yake ya Jumanne, kwa ajili ya kukusanya ushahidi tu.

Malalamiko yetu ni haya.

1. La kwanza ni lugha. Mna mtafsiri mmoja anayewasemea wapishi wote wawili, na hata yule mama aliyealikwa kufundisha kukaanga samaki alisemewa kwa sauti nzito kama ya mlinzi wa benki. Hilo tulilisamehe. Lakini mtafsiri huyo hutafsiri neno kwa neno, halafu anatuacha hapo hapo na kwenda zake. Siku moja alitangaza kwamba Wafaransa wana "michuzi mama," ambayo ndiyo huzaa michuzi mingine yote. Mama mkwe wangu, anayeishi nasi, alikuwa amepita saluni kuniletea chakula. Aliuliza mbele ya wateja, "Kama hao ni mama, baba yuko wapi?" Yule mpishi mnene aliendelea kukoroga unga na siagi kama mtu asiyehusika. Mama mkwe akasema wanaume ndivyo walivyo, wanazalisha michuzi kisha wanajifanya wanakoroga, na alipokuwa akisema hivyo alikuwa akinitazama mimi. Ndugu Mkurugenzi, sijawahi kuzalisha mchuzi wowote nje ya ndoa yangu.

2. La pili ni la fundi umeme, mteja wangu wa siku nyingi. Alikuwa kitini, nimeshamnyoa upande wa kulia, mtafsiri wenu alipotuelekeza kuyeyusha chokoleti kwa kuliweka bakuli "katika bafu la Maria." Baadaye tulikuja kuelewa kwamba ni sufuria ya maji ya moto tu, lakini mke wa fundi umeme anaitwa Maria. Benchi likaangua kicheko. "Wamesema bafu la nani?" akauliza fundi umeme. Kuna mwalimu mstaafu ambaye hakosi kwenye benchi letu na hujibu hata asichoulizwa. "La Maria," akamjibu. "Na moto uwe mdogo." Fundi umeme alishuka kitini na kitambaa changu shingoni, akaenda moja kwa moja kwake. Bahati mbaya alimkuta mkewe anaoga. Aligonga mlango wa bafu akauliza humo ndani mko wangapi. Sijui alijibiwa nini, ila najua kwamba hadi leo analala kwa mama yake, na kichwa chake bado ni nusu kwa nusu. Vijana wa mtaani wamedhani ni mtindo mpya, na wawili wamekuja kuniomba niwanyoe vivyo hivyo. Niliwanyoa, lakini dhamiri yangu ilikataa.

3. La tatu ni fupi. Yule mwembamba huonja kwa kijiko, kisha anakirudisha kijiko hicho hicho sufuriani. Benchi zima limemwona. Mtoto wetu akifanya hivyo tunaulizwa tumemlea wapi.

4. Sasa niingie nyumbani kwangu. Mama mkwe niliyemtaja hapo juu alikuwa mtu rahisi kulisha. Alikuwa akila anachowekewa, na sifa yake kwa mpishi ilikuwa kuomba sahani ya pili. Siku hizi huchota kijiko kimoja, anafumba macho, na nyumba nzima inatakiwa inyamaze. Redio inapunguzwa. Kisha anatoa hukumu. "Kina mwili," husema, "lakini hakina roho." Maneno hayo aliyasema kuhusu chai yangu. Juzi alifumba macho muda mrefu mpaka mke wangu akamtikisa bega, tukidhani ndiyo basi tena, kumbe alikuwa anatafuta ladha ya limau. Nilipomwambia hakuna limau kwenye uji, alinijibu kwamba ndiyo maana hakuiona.

5. Hili la tano ndilo lililonishikisha kalamu. Hayo mengine ningeyameza.

Kaka yangu mkubwa ana bucha mtaa wa pili. Wazazi wetu walituacha tungali wadogo, na yeye ndiye aliyenilea. Alinisomesha mpaka nilipogoma mwenyewe, akanifungulia saluni, na siku ya harusi yangu yeye ndiye aliyesimama mahali pa baba. Sina mtu mwingine wa kumwita mkubwa wangu. Mke wangu naye ni fundi cherehani, mtu wa kupima kabla ya kukata, na wapishi wenu wamemwingia akilini kama uzi kwenye tundu la sindano. Kila wanalosema analijaribu.

Kasheshe ilianza siku walipofundisha kwamba nyama lazima ipumzike. Kwa jinsi mtafsiri alivyoeleza, mke wangu hakuelewa kama inapumzika kabla ya kupikwa au baada ya kupikwa, kwa hiyo akaamua kuanzia dukani. Aliirudisha nyama buchani, mbele ya wateja, akasema kwa heshima, "Shemeji, naomba unibadilishie. Hii haijapumzika."

Kaka aliliweka shoka juu ya gogo. "Shemeji," akasema, "huyu ng'ombe alishakufa. Unataka apumzike vipi zaidi ya hapo?"

Wateja walicheka. Mke wangu hakucheka. Alirudi nyumbani na nyama ile ile, midomo imebana kama kifungo kipya, akasema shemeji yake amemfanya kichekesho. Kaka naye akaniambia mke wangu amemtangazia watu kwamba anauza nyama iliyochoka. Mimi katikati, kama nyama kwenye mkate.

Nikajiona mwerevu. Nikasema nitawapatanisha kwa chakula. Nilimwalika kaka Jumapili mchana, na nikamwomba mke wangu apike kile anachokiweza vizuri kuliko vyote. Nilimaanisha vile vyakula vyake vya siku zote. Yeye alielewa vingine, na sababu ya kuelewa vingine ni ninyi.

Alianza kupika alfajiri. Kaka alikuja amevaa shati lake la harusini, akamsalimia mama mkwe, akakaa mezani na kufungua kifungo kimoja cha kiuno, kama mtu aliyekuja kwa nia njema. Zikaletwa sahani nyeupe, pana kama usukani wa lori. Katikati ya kila sahani palikuwa na kipande cha nyama kisichozidi kidole gumba, kimekalishwa juu ya viazi vilivyopondwa, na pembeni mchuzi ulikuwa umepakwa mstari mmoja kama fundi rangi aliyekuwa anajaribu brashi. Juu kabisa palikuwa na jani. Kaka alilitoa jani lile akaliweka kando, akidhani limepeperushwa na upepo kutoka dirishani. Akala kile kipande kwa tonge moja. Kisha akaweka uma chini, akajifuta mdomo, akasubiri.

Tukasubiri wote. Mama mkwe alikuwa amefumba macho. Mimi nilikuwa nimeshajua.

"Shemeji, tumeonja," kaka akasema kwa upole. "Ni kitamu kweli. Sasa tuletee chakula."

"Shemeji," mke wangu akajibu, "ndicho hicho."

Kaka alinigeukia. Amenitazama mara nyingi maishani, nilipofeli, nilipovunja kioo cha jirani, nilipomwambia sitaki tena shule. Hakuwahi kunitazama vile. Akashukuru, akawaombea heri wote waliokuwapo, akafunga kifungo, akaondoka. Mke wangu aliingia jikoni akafunga mlango. Nilibaki nimesimama kati ya milango miwili, sijui nimfuate nani, aliyeingia au aliyetoka.

Kabla jua halijazama habari zilishafika kwenye benchi. Kaka alikuwa ameonekana pembeni mwa kituo cha mabasi akila mkate kwa mikono yote miwili. Tangu siku hiyo hajakanyaga kwangu. Akipita mbele ya saluni anamsalimia fundi saa, anamsalimia muuza dawa, na hapo katikati anakohoa. Mke wangu naye hajashika mwiko. Tunakula mkate na chai, na chai yenyewe, kama nilivyokwisha kueleza, haina roho.

6. Kwa kuzingatia hayo yote, benchi limeketi na kupitisha maombi yafuatayo, ambayo tunaamini hayazidi kipimo.

Kwanza, kila sahani inayoonyeshwa iwekewe kiatu cha mtu mzima pembeni yake, ili mtazamaji apate picha kamili ya ukubwa wa chakula kabla hajaalika watu. Mwalimu mstaafu alipendekeza rula, tukaona kiatu kinaeleweka zaidi.

Halafu, kabla ya kipindi kuanza litolewe onyo kama linavyotolewa kwenye filamu za vita, kwamba kinachofuata hakiwafai wenye mashemeji.

Mtafsiri naye ahamishiwe utabiri wa hali ya hewa, ambako akikosea tumeshazoea.

Wapishi wenyewe waletwe hapa. Wakae mezani na kaka yangu kuanzia Jumapili hadi Jumapili, walishwe kwa vipimo vyao wenyewe, bila mkate, na atakayeuliza chakula kiko wapi aambiwe ndicho hicho.

Na kama hayo yatashindikana, basi kipindi kifutwe kabisa. Nafasi yake mtuonyeshe sufuria moja kubwa iliyojaa, inachemka, bila maelezo ya mtu yeyote. Tutaitazama mpaka iive na hatutagombana na mtu.

Ndugu Mkurugenzi, najua utasema televisheni ina kitufe cha kuzimia. Nililifikiria hilo. Lakini nikiizima, wateja watahamia kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara, naye pia anakionyesha, tena kwenye kioo kikubwa kuliko changu. Kwa hiyo tatizo si langu tena. Ni la taifa.

Nisalimie wote hapo kituoni, kuanzia mlinzi wa getini hadi msomaji wa habari za jioni, ambaye nywele zake upande wa nyuma zinahitaji mtu wa kumwambia ukweli. Msalimie na mpiga picha wa kipindi hicho. Tunaamini yeye ndiye anayekula kile kinachobaki sufuriani, na hatumwonei wivu.

Wako mwenye njaa na heshima,

Kinyozi,
kati ya duka la dawa na fundi saa.

Tanbihi: Barua hii nilikuwa nimeshaifunga, ila sikuweza kwenda posta kwa sababu ilikuwa Jumamosi na kipindi kilikuwa kinaanza. Kilipofika katikati, mlango ukafunguliwa, kaka akaingia. Hakumsalimia mtu. Alikaa kwenye kiti cha kunyolea, akasema, "Ninyoe."

Ndugu Mkurugenzi, kaka yangu ana upara. Hana hata unywele mmoja wa kusingizia. Benchi zima liliinamisha macho sakafuni. Nilimfunga kitambaa, nikampaka povu, nikaanza kunyoa pasipo na kitu, polepole, maana sikutaka nimalize. Juu ya kioo yule mnene akatoa paja la kondoo kwenye oveni, akalifunika, akasema liachwe lipumzike. Wembe ukasimama wenyewe.

Kaka aliitazama ile nyama kwa muda. "Maji yanarudi ndani," akasema, kama anayejisemea. "Ukiikata sasa hivi yanamwagika yote. Hata baba alikuwa anasema hivyo." Alishawahi kuniambia mambo mengi kuhusu baba, lakini hilo sikuwahi kulisikia. Mpishi alipokuja kuikata, hakikumwagika kitu. Kaka akaitikia kwa kichwa na nikamkwaruza sikio. Alipofutwa povu aliuliza marudio ni lini. Nikamwambia Jumanne. Akasema huenda Jumanne nywele zikawa zimeota tena, atapita.

Kwa hiyo ile sehemu ya kukifuta kipindi naomba muifute. Afadhali mkiongezee muda, na mtafsiri abaki hapo hapo alipo. Mke wangu amerudi jikoni na amemwalika shemeji yake chakula cha mchana Jumapili ijayo. Kaka amekubali kuja, ila amesema atakula kwanza kwake.