Ngozi ya Shami na Pete ya Mzee Theonest

Jumatatu, 5 Juni 1972

Nimejiharibia. Mdomo wangu mwenyewe!

Asubuhi Land Rover ya ofisi ililetewa ngozi mpya ya kufutia vioo kutoka dukani kwa Kanji. Laini kama sikio la ndama. Mzee Theonest, mkuu wa ofisi yetu ya barabara, akasoma maandishi ya karatasi yake kwa sauti: "Chamoisi." Nami, bila kuulizwa, nikasema hutamkwa shami, mzee, hizo herufi nyingine zipo tu, hazisomwi. Nikaongeza kwamba ni jina la mbuzi wa milima ya Ulaya. Nikaongeza tena kwamba siku hizi hutumika ngozi ya kondoo, hulainishwa kwa mafuta ya samaki. Nani alinituma kuongeza?

Cornel, dereva, alicheka mpaka akashika mlango asianguke. Mzee akatundika kofia yake kwenye msumari nyuma ya meza yangu, kama kila siku, kisha akaniita Profesa.

Jumamosi ndipo atakapotia sahihi barua yangu ya kuthibitishwa kazini. Au asitie. Asipotia, narudi Nyasubi kupima chumvi kwenye kibanda cha baba. Na shule yote ile!

Lazima nimpoze. Kwa kitu gani?

Jumanne, 6 Juni

Mpango umepatikana!

Masele, mpangaji mwenzangu hapa Ngokolo, anachimba dhahabu Nyarugusu. Nilimsimulia aibu yangu. Nilipofika kwenye habari ya ngozi, akaweka kikombe chini. Wao huchanganya mchanga na zebaki, zebaki ikaikamata dhahabu, halafu huikamulia kwenye shati. Zebaki hupita, dhahabu hubaki. Lakini shati hupitisha na dhahabu. Ngozi laini haipitishi. Anaitaka mpaka Ijumaa tu. Malipo ni jogoo mwekundu, mwenye madaha kama diwani.

Jogoo atakwenda kwa Mama Apolonia, mke wa mzee. Mke akifurahi, mume husahau.

Nilimwuliza Masele kama jambo hili ni halali. Akaniuliza kama namtaka jogoo au simtaki.

Ngozi hukaa kabatini kwangu, na ufunguo ninao mimi. Nimeitoa ofisini nikiificha ndani ya shati, nikitembea kama mtu mwenye jipu. Njiani polisi alinisalimia, habari za jioni. Nikamjibu kwamba sina kitu. Masele ameondoka nayo kwa lori la machimboni.

Jumatano, 7 Juni

Safari ya Kahama leo. Nililijua hilo, nikajiandaa. Jana jioni nilikata kipande cha ngozi ya mbuzi aliyonipa bibi ya kukalia, nikakisugua kwa mafuta ya samaki ya zahanati, yale wanayonyweshwa watoto. Mbuzi ni mbuzi, na mafuta ya samaki ni mafuta ya samaki. Kisayansi hakuna kasoro.

Cornel alikinusa, akauliza, "Profesa, huyu shami alikufa lini?" Nikamwambia zikiwa mpya hunuka hivyo. Akafutia kioo.

Wamerudi alasiri. Kioo kama kikaango. Mzee alilazimika kutoa kichwa dirishani amwelekeze Cornel njia, na vumbi lote la Kahama limo ndani ya kofia yake. Nusura wagonge ng'ombe wa watu. Sasa paka wa mtaa mzima wamelala juu ya boneti, na hawafukuziki.

Mzee aliuliza nani mtunzaji wa ngozi. Cornel akanionyesha kwa kidevu. Mzee akasema polepole kwamba Jumamosi anaihitaji, iwe safi, iwe ile ya Kanji.

Anajua? Anajua nini?

Alhamisi, 8 Juni

Masele hajaonekana. Nikisikia lori lolote, nakimbilia dirishani. Sijala. Cornel amepita mlangoni akilia kama mbuzi. Mbuzi wa milima ya Ulaya, akasema.

Ijumaa, 9 Juni

Amekuja! "Mwangaluka, karani!" akanisalimia kwa lugha ya kwao. Ngozi mkono huu, jogoo mkono ule.

Ngozi imekuwa ya kijivu, nzito. Masele anasema imefanya kazi ya mashati mengi. Ameniasa nisiitupe hata ikichakaa, niichome, maana ndani mwake mmebaki chembe za dhahabu. Akaniasa pia nisiigusishe na dhahabu nyingine, kwa kuwa zebaki haina adabu. Dhahabu nyingine niitoe wapi mimi, karani?

Nimeifua kwa sabuni. Kuna vitone vidogo vinavyong'aa. Nilivifuta, vikagawanyika. Nilivifuta tena, vikazidi. Nimeviacha.

Jogoo nimempeleka. Mama Apolonia alimpokea kwa mikono miwili, akasema nimelelewa vizuri. Kesho sahihi!

Jumamosi, 10 Juni

Balaa!

Mzee aliingia amevaa suti. Leo yeye na mkewe ni wasimamizi wa harusi. Barua yangu mezani, kalamu imeshafunguliwa. Akaniomba shami. Aliitamka sawasawa, akinitazama. Nikampa, huku nikiitazama kalamu. Badala ya kuandika, akavua pete yake ya ndoa, akaanza kuisugua.

Nilitaka kupiga kelele.

Pete ikapauka. Akasugua zaidi. Ikawa nyeupe kama sufuria. Jasho likamtoka. Akasema Mama Apolonia ataamini ameuza ya dhahabu na kuvaa bati. Cornel akasema sonara ndiye mwizi, Ramniklal huyo! Tukapakiwa kwenye Land Rover, mimi nikiwa shahidi wa kuandika maelezo. Barua ikabaki mezani bila sahihi.

Mzee alianza kufoka kabla hajavuka kizingiti. Ramniklal hakubishana. Aliikwaruza pete kwa ukucha, akauliza imefutwa na nini. Cornel akatoa ngozi. Ramniklal akaikamua juu ya sahani. Tone la zebaki likadondoka, likakimbia, likazunguka sahani nzima, likasimama upande wangu. Naapa, upande wangu!

"Bwana Theonest," akasema, "ngozi yako imetoka machimboni. Nani alikuwa nayo?"

Nilifungua mdomo nimtaje Cornel. Likatoka jina langu mwenyewe.

Ramniklal aliipeleka pete uani, akaupa upepo mgongo, akaichoma motoni. Ikarudi njano, ingawa imefifia. Mzee akaivaa ikiwa bado ya moto, akakimbilia harusini. Hakunitazama.

Jumatatu, 12 Juni

Sijapelekwa polisi. Si kwa huruma. Yule jogoo aliliwa jana nyumbani kwa mzee, mbele ya wageni wa harusi, na mzee mwenyewe alikula paja. Ataanza wapi kueleza?

Lakini barua haikutiwa sahihi. Niko kwenye majaribio mwaka mwingine mzima. Ngozi mpya imekabidhiwa Cornel, anaivaa shingoni kama nishani. Mzee amekwenda Geita, na adhabu yangu ni kuipiga brashi kofia yake mpaka litoke vumbi lote la Kahama. Nimekuja nayo nyumbani.

Nimejifunza. Naandika hapa ili nisisahau: sitaigusa tena ngozi ya ofisi maisha yangu yote.

Jioni Masele amepita kunipa pole. Ameigeuzageuza kofia, akaipapasa. Anasema manyoya yaliyoshindiliwa namna hii yanachuja zebaki kuliko hata shami. Anaye jogoo mwingine, mweupe, mkubwa kumshinda yule. Lori lake linaondoka alfajiri, na mzee harudi kabla ya Alhamisi.

Naogopa sana. Ila kofia si ngozi.