Kifutio Kisichofuta

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe kapiga simu. Programu ya kuchorea niliyowatengenezea watoto wa chekechea yake anaipenda, ila haina kifutio. Mtoto akikosea, amekosea mpaka kiama. Alhamisi wazazi wanatembelea shule, niwahi. Nikishindwa, kasema kwa upole wake wote, atamwomba mwanyumba wangu. Huyu kaoa dada ya mke wangu, anaandika programu kwenye kampuni kubwa, na kitambulisho hakimtoki shingoni hata akija kula Jumapili. Labda anaogopa kujisahau. Nikajibu kazi ndogo. Na ni ndogo kweli: karatasi ya kwenye skrini ni nyeupe, basi kifutio ni brashi ya rangi nyeupe. Nimemaliza chai ikiwa bado moto. Wengine haya wanayasomea chuo.

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu kajaribu. Kachora nyumba, kafuta dirisha, safi. Kisha akabonyeza kitufe cha kubadili rangi ya karatasi, ikawa buluu. Palipokuwa na dirisha pakabaki baka jeupe. Akauliza hiki ni kifutio au chokaa. Mambo ya programu hajui hata moja, lakini kitufe kibaya hakimpiti. Nimepata dawa ya kudumu: nimekiondoa kitufe.

Jumatano, 5 Machi

Mama mkwe tena. Kitufe kiko wapi, watoto wanapenda karatasi nyeusi ya kuchorea nyota. Nikasema kiko kwenye matengenezo. Nimekirudisha. Mwanyumba naye, nani kamuuliza, kaleta ujumbe: mchoro ukae peke yake, karatasi ikae chini yake, kifutio kiondoe wino badala ya kupaka juu. Anaweza kupita jioni tusaidiane. Nikamjibu nimeshafanya hivyo hivyo. Akanisifu. Inakera mtu kukusifu kwa jambo ambalo hukulifanya.

Mpango wa kesho: nasimama kando ya kompyuta, na hakuna atakayegusa kitufe hicho.

Alhamisi, 6 Machi

Binti mmoja kamchora mama mkwe kwa rangi nyekundu, na ndevu juu yake. Alipomwona mwenyewe anakuja, akazifuta upesi, unywele kwa unywele. Mama mkwe kaona picha, kafurahi, kaita wazazi wote. Mimi nilikuwa nimefuata soda. Ili ipendeze zaidi, akabonyeza karatasi nyeusi. Ndevu zikarudi, nyeupe pe, za babu wa mababu. Wazazi wakakohoa. Baba mmoja akatoa simu apige picha.

Niliporudi na soda, Mama mkwe akanigeukia. "Mwanangu, hizi ni zangu?"

Nikasema programu bado inajifunza.

Mwanyumba, naye alikuwa amealikwa, akakaa kwenye kompyuta, akaandika kifutio upya. Binti akaombwa achore ndevu nyingine, akazichora kwa moyo wote, akazifuta, karatasi ikabadilishwa rangi zote. Hazikurudi. Kisha mwanyumba akawatangazia wazazi kuwa kazi kubwa nimeifanya mimi, yeye kagusa kona tu. Roho mbaya ya namna hii sijaiona. Njia nzima ya kurudi nyumbani mke wangu alitazama upande wa pili, mabega yakimtikisika. Natumaini ni huruma.

Ijumaa, 7 Machi

Mama mkwe kanisamehe. Sasa anataka kitufe cha kurudi hatua moja nyuma: mtoto akibonyeza, kosa la mwisho liondoke. Safari hii tufanye wawili, mimi na mwanyumba. Nimemwambia tusimsumbue mtu na kazi zake. Jambo lenyewe dogo. Kitufe kikibonyezwa, picha nzima inafutika. Mtoto karudi nyuma, tena si hatua moja, zote.

Nimemwahidi Jumatatu.