Mdiria wa Mpingo

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Nimechoka. Magoti yanauma, na sehemu ninayokalia baiskeli siitaji. Daktari aliniambia nifanye mazoezi. Kosa lake ni kumwambia na Raheli, mke wangu. Raheli hakulaza damu, akatuandikisha wote wawili kwenye chama cha baiskeli, matembezi na picha. Wanachama tisa. Kila Jumamosi! Mimi ni karani wa masijala, mtu wa mafaili. Jua tunaonana dirishani tu.

Leo tumetoka Chuno, hapa Mtwara, mpaka Mikindani na kurudi. Ile baiskeli nimeisukuma kuliko ilivyonibeba. Kisha Bi Safina, mwenyekiti wetu, muuguzi mstaafu, akatangaza kwamba kalenda ya chama imebakiza ukurasa mmoja, wa Desemba. Picha kumi na moja zimeshachaguliwa. Nne ni za Mzee Thabiti! Muuza ngisi wakavu, mwenye baiskeli isiyo na gia na simu yenye ufa katikati. Mimi nina kamera ya kuazima, lenzi ndefu kama mchi. Zangu kwenye kalenda: hakuna. Picha yangu nzuri kuliko zote mpaka leo ni ya kidole changu mwenyewe.

Ningeyaacha yapite. Lakini nimeshamwambia baba mkwe. Mchungaji mstaafu, yuko Singida, na kwa miaka ishirini na miwili ananiita "yule wa masijala". Mwezi uliopita kwenye simu ulimi uliniteleza, nikasema kalendani nimo. Ameshatangaza kanisani. Ameagiza nakala yake, na ya askofu.

Mwisho wa kupokea picha ni Jumapili ya tarehe 10.

Jumapili, 3 Agosti

Bi Safina alisema chama hakijawahi kupata picha ya mdiria wa mikoko, yule ndege mdogo wa bluu mwenye mdomo mwekundu. Atakayemleta, Desemba ni yake. Basi baada ya ibada nikaenda peke yangu kwenye mikoko ya pembeni mwa mji, nikakaa mpaka miguu ikafa ganzi. Mbu. Kaa mmoja amepanda juu ya kiatu changu akatulia kama aliyepangishiwa. Mdiria alikuja mara mbili, mara zote nyuma ya kisogo changu. Nimejua kwa sauti. Nikageuka. Tawi tupu. Nimerudi na picha themanini za matawi matupu.

Raheli akauliza kwa nini sikumwambia, angekuja tukakaa wote. Nikamjibu kwamba kazi ya sanaa haitaki watu wawili. Akaendelea kuchambua mchele.

Jumatatu, 4 Agosti

Mzee Thabiti amekuja masijala. Hakuwa na barua wala shida. Ameniletea ngisi kwenye gazeti, basi. Ananiita shemeji, sijui kwa dada yake yupi. Akasema lenzi yangu ni nzuri sana, ila nina haraka, na ndege hamwendei mtu anayemsubiri kwa hasira. Nikamshukuru. Maneno yake yameniuma siku nzima. Ngisi ni watamu, na hilo nalo limeniuma.

Saa tisa, nikigonga mihuri, wazo likaja lenyewe. Ndege anayekaa! Asiyeruka, asiyegeuka, anayesubiri mpaka mpiga picha awe tayari.

Nimetoka kazini moja kwa moja kwa Samweli, mchonga vinyago. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza ndege mwenyewe ni mkubwa kiasi gani. Akauliza kama ni wa kanisani. Kisha akasema, "Mimi sichongi ndege, bwana. Nachonga kilichomo ndani ya nti." Nikamwomba aangalie kama ndani ya mti wowote alionao hakuna mdiria. Akachukua gogo, akaligeuza, akalinusa. Akasema nirudi Alhamisi.

Alhamisi, 7 Agosti

Ndani ya mti kulikuwa na mdiria, na ndani ya mdiria kulikuwa na mama mtu mzima. Ndege ana uso! Ana mashavu, anatabasamu. Samweli anasema uso hakuuweka yeye, aliukuta. Tena amechonga kwenye mpingo. Mweusi, mzito kama pasi ya mkaa. Nikauliza kama hakukuwa na mti mwepesi. Akaniangalia kama niliyetukana ukoo wake.

Nimempaka rangi iliyobaki ya mlango wa choo, bluu safi. Mdomo nimetumia rangi ya kucha ya Raheli. Raheli ameitafuta chupa yake chumba kizima. Nimemsaidia kutafuta.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Sikukuu. Wengine wamekwenda kwenye maonyesho, mimi nimekwenda na ndege wangu kwenye mikoko ileile ya mjini. Nikamfunga tawini kwa mshipi wa kuvulia, mgongo huku, uso kule. Picha moja tu! Imetoka na ukungu kidogo, lakini ukungu ndio unaompa uhai. Nikaituma kwenye kundi la chama.

Bi Safina akatuma makofi saba. Akauliza ni wapi. Ningesema ni hapa mjini, jioni wangekuwa wamejaa pale. Nikaandika: mdomo wa Ruvuma, mbele ya Mahurunga. Mbali kwelikweli. Hakuna mwenye akili timamu atakayefunga safari.

Saa kumi Bi Safina akatangaza: ratiba ya kesho imebadilika. Canter imepatikana. Wote Ruvuma, kumwona mdiria wa Mathayo. Mathayo ni mimi.

Mzee Thabiti akaandika: "Mashaallah, shemeji. Ametulia sana huyo ndege." Nimeisoma mara kumi. Sielewi amemaanisha nini. Naelewa.

Raheli anaimba jikoni. Miaka tisa tuko Mtwara na mto ule hajauona. Anakaanga maandazi ya safari. Nimemwambia naumwa. Amenishika paji la uso, akasema baba Frank, vaa soksi nzito kesho.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika kwa shida. Bado nina tope masikioni.

Canter ikatufikisha Mahurunga, tukashusha baiskeli, tukashika njia ya kwenye mikorosho. Mkulima mmoja alikuwa anapuliza salfa, ile dawa ya unga, kwa mashine ya mgongoni. Upepo ungeweza kuipeleka popote. Ukaileta kwangu. Nikawa wa njano toka kofia mpaka viatu, nakohoa, na ndege wa mpingo ndani ya begi ananigonga figo kila penye shimo. Mzee Thabiti akiendesha ubavuni kwangu, hatoki jasho, anataja majina ya ndege kwa sauti zao bila hata kuinua kichwa. Raheli mbele kabisa, anaimba tena. Tangu Frank, mtoto wetu wa kwanza, aende chuo, sikuwahi kumsikia akiimba siku mbili mfululizo. Naandika hili kwa sababu lilinishangaza.

Mchanga ulipozidi tukaacha baiskeli. Nikasema nitangulie peke yangu, mdiria yule amenizoea mimi. Bi Safina akanipa dakika kumi.

Nikachagua mkoko, nikamweka ndege tawini. Mshipi nimeusahau nyumbani! Nikamwegemeza. Akaanguka kwenye maji ya kijito. Mti wowote duniani ungeelea. Mpingo ulizama kama jiwe, huku unatabasamu.

Nikaingia. Magoti. Mapaja. Ndege nikampata, ila miguu yangu ndiyo ikagoma kutoka. Nikivuta wa kulia, wa kushoto unashuka. Na maji yalikuwa yanajaa, niliyaona yakipanda kwenye mizizi ya mikoko. Nikasikia sauti za wenzangu. Nikafikiria kumficha ndege. Wapi? Nilikuwa nimebaki kiuno na kofia.

Wakatokea wote wanane, wakasimama ukingoni. Hakuna aliyecheka. Hapo ndipo nilipoogopa.

Mzee Thabiti akasema taratibu, "Shemeji, usitikisike."

Nikauliza kwa nini. Akainua mkono tu. Nikamtazama Raheli, Raheli ameziba mdomo kwa kiganja. Nikajua. Mamba! Yuko nyuma yangu. Watu wa mto huu nawajua kwa barua zao za malalamiko, nimezigonga mihuri kwa mikono yangu.

Nikafumba macho. Nikaanza kuungama kwa sauti. Kwamba ndege ni wa mti. Kwamba picha ni ya mikoko ya mjini. Kwamba rangi ya kucha niliichukua mimi. Kwamba nilimdanganya baba mkwe kwa sababu nimechoka kuwa yule wa masijala. Kwamba Raheli ni mke mwema na ningemleta kwenye mto huu miaka tisa iliyopita kama ningekuwa mtu wa maana. Kisha nikasali. Nilipofika "Amina" nikasikia kitu kimeruka juu ya kofia yangu.

Hakukuwa na mamba. Alikuwa mdiria. Wa kweli! Bluu, mdomo mwekundu, walimkuta ametua juu ya kichwa changu, na akakaa muda wote naungama. Wamemwona wote wanane. Mimi sijamwona.

Wakanivuta kwa mpira wa akiba wa tairi la baiskeli. Kiatu kimoja kimebaki Ruvuma. Mzee Thabiti akamsafisha ndege wa mpingo kwa maji, rangi ya choo ikabanduka, akautazama uso.

"Huyu mama mbona kama namfahamu," akasema.

Akamtazama Bi Safina. Wote tukamtazama Bi Safina. Bi Safina akamtazama ndege. Mashavu yaleyale! Ee Mungu, Samweli.

Raheli ndiye aliyeanza kucheka. Alikaa chini mchangani, akashindwa kuinuka. Bi Safina alipomaliza kujifuta machozi, akatamka kwamba picha yangu imeondolewa. Ndege wa mpingo akamchukua yeye Bi Safina.

Baadaye tulikaa mimi na Raheli kwenye ukingo, tukala maandazi yenye salfa. Mto mpana, ng'ambo Msumbiji, maji ya rangi ya chai yanaingia kwenye bluu ya bahari. Akaniegemea begani, tope na yote. Nilikuwa karibu kusema jambo zuri. Kisha nikakumbuka kwamba sijakata rufaa.

Jumapili, 10 Agosti

Kikao cha chama. Rufaa haikusomwa.

Desemba imekwenda kwa Raheli! Alipiga kwa simu yake, mkono mmoja, mwingine ukiwa mdomoni. Mimi matopeni, macho nimefumba, ndege wa mpingo mkononi, wa kweli kofiani. Mzee Thabiti alikuwa na yake ya tukio hilohilo, kali zaidi, hata manyoya yanahesabika. Akaiondoa mwenyewe. Akasema yake ina ndege, ya dada Raheli ina mume. Wakapiga makofi. Mimi pia, kwa kuchelewa.

Baba mkwe ameshatumiwa picha. Amepiga simu. Akacheka, akakohoa, akacheka. Raheli alikuwa amemsimulia kila kitu, hata maungamo. Akasema katika miaka ishirini na miwili hajawahi kuniona nikisali kwa moyo. Akaniita mwanangu. Mwanangu! Askofu anataka nakala mbili.

Ningepaswa kuridhika. Niliridhika mpaka saa nane hivi. Lakini chini ya picha limeandikwa jina la Raheli peke yake. Nimemwandikia Bi Safina kumkumbusha kwamba bila kichwa, ndege asingekuwa na pa kutua. Hajajibu.

Jumanne, 12 Agosti

Miguu bado inauma.

Chama kimeanzisha jambo jipya: kuhesabu hatua. Simu inakaa mfukoni, inahesabu yenyewe, jioni kila mtu anatuma idadi yake kwenye kundi. Atakayeongoza wiki nzima ndiye atakayetangulia msafara wa Jumamosi. Jana Mzee Thabiti alipata elfu kumi na tisa, maana anazungusha ngisi kwa miguu. Raheli elfu tisa. Mimi mia sita, pamoja na ngazi.

Nimewaza tangu asubuhi. Feni ya masijala inageuka kushoto, inageuka kulia, tangu saa mbili mpaka saa tisa na nusu. Haiulizi, haitoki jasho, haina magoti. Nimeifunga simu yangu pale kwa mpira wa kufungia mafaili. Kufikia saa sita, hatua elfu saba! Mzee Thabiti sasa ataniona kisogo.

Saa kumi kasoro Raheli amepita ofisini, amevaa raba. Ameleta na zangu. Anataka twende kwa miguu mpaka ufukweni Shangani, bila kamera, bila chama, mimi na yeye tu. Anasema upepo leo ni mzuri.

Nimemwonyesha simu. Nimemwambia leo nimetembea mno.