Yah: Kifaa cha Gari Langu Mnachokizuia Chumba cha 14

Kwa Bi. Marlys Oyen,
Mkurugenzi, Nyumba ya Wazee Tamarack,
Kettle Bend, Wisconsin.

Bibi Mkurugenzi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile doa la mafuta kwenye maegesho yenu limeanza kufifia. Naandika kwa heshima zote, nikiwa mlipa kodi, fundi mstaafu wa mabasi ya shule, na mtu ambaye hajawahi kugombana na ofisi yoyote isipokuwa ile ya maktaba, na pale walianza wao.

Gari langu unalijua. Ni gari la doria la jeshi, jipi ya mwaka 1968, iliyosindikiza misafara ya malori huko Vietnam kabla ya kustaafishwa, kuuzwa, na kuishia kwenye banda la mkulima mmoja kaskazini mwa hapa, ambako kuku walikuwa wakitagia kwenye kiti cha dereva. Nililinunua mwaka aliofariki mke wangu Arlene, kwa kuwa karakana ilikuwa imezidi ukimya. Tangu hapo nimelirudishia vifaa vyake halisi, kimoja baada ya kingine: redio ya upepo, antena iliyopindwa na kufungwa kwa kamba, madumu, sepetu, mifuko ya mchanga sakafuni, na kile chuma kirefu kinachosimama kwenye bampa la mbele ili kukata nyaya zilizotegwa barabarani usawa wa shingo. Bunduki ni ya bati. Polisi wa hapa waliikagua, kisha wakaomba kupiga nayo picha.

Mwaka jana, kwenye maonyesho ya chama chetu cha magari ya kijeshi, jaji wetu Duane Halvorsen alilizunguka akiwa na soseji mkononi, akachungulia uvunguni, akaninyima nafasi ya kwanza. "Zuri, Delbert," alisema, "lakini kama lina upungufu. Vifaa halisi havijatimia." Nikamuuliza kimepungua nini, mbona hata sepetu ni ya mwaka uleule? Akapandisha mabega, akaendelea kula.

Niliumia. Nikatafuta. Namba zilizokuwa chini ya rangi ya bampa zilinipeleka kwenye kikosi, kikosi kikanipeleka kwa bwana mmoja wa Iowa, na bwana huyo akaniambia kwamba mwendesha redio mmoja wa kikosi kile bado yu hai, na tena anaishi kwenu, chumba cha 14, karibu kabisa na karakana yangu. Anaitwa Norbert Krenz. Basi hicho ndicho kifaa kilichopungua, na ninyi ndio mnaokizuia.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kufukuzwa kwa gari. Nilipolileta Jumapili ile ya Mei, nilitaka tu kumuuliza Mzee Krenz redio ilifungwaje. Muuguzi wenu Shawna aliniambia mzee hajatoka nje tangu theluji ianze, na kwamba nisitarajie maneno. Mzee akalitazama gari kupitia dirishani, akatoka na kandambili, akapanda nyuma upande wa kulia bila kuniuliza.

"Mzee Norbert, supu inapoa!" Shawna akaita.

"Niletee huku, mrembo. Niko kazini."

Akainywa humohumo, na tangu hapo nikawa nalileta kila Jumapili. Mpaka hapo hakuna aliyelalamika. Shida, nionavyo, ni kwamba redio nilikuwa nimeiunganisha na kipaza sauti kwa ajili ya maonyesho, na kwamba Jumapili ya mwisho Mzee alikishika katikati ya mchezo wenu wa bingo na kutangaza: "Malori yote, malori yote! Funga safu! Hakuna kusimama mpaka darajani!" Nakubali kwamba wakazi kadhaa waliinuka. Nakubali kwamba Bibi Lucille alijipanga nyuma ya gari na kiti chake cha magurudumu, kwamba wengine wakamfuata, na kwamba msafara huo ulizunguka maegesho mara kadhaa kwa mwendo wa heshima. Hakuna aliyeumia. Kesho yake nikapata zuio lako, na sababu uliyoitaja ni mafuta. Bibi, gari hili lilikuwa likivuja tangu likiwa jeshini. Likiacha kuvuja litakuwa bandia.

2. Neno "mkazi". Katika zuio lako unamwita Mzee Krenz mkazi. Gari la doria halitoki bila dereva, mpiga bunduki na mwendesha redio. Hilo kila askari analijua. Kama mngeliokota tairi langu la akiba, msingeliwekea pazia, mkalilaza saa mbili usiku, mkaliita mkazi. Mngenipigia simu nije nilichukue.

3. Utunzaji. Kifaa halisi hutunzwa katika hali yake ya asili. Ninyi mnampa supu isiyo na chumvi na mkate usio na kitu. Nilimletea kopo la pichi kwenye sharubati, kama zile alizokuwa akila kule barabarani, na Shawna akalichukua kwa sababu Mzee ana ugonjwa wa sukari. Sukari naijua, ilimwondoa Arlene. Lakini Shawna mwenyewe alimwachia vipande viwili, na naomba asiadhibiwe, kwa kuwa ndiye pekee katika jengo lenu anayeelewa mambo ya ukarabati.

4. Kuniitia binti yake. Ulimpigia simu Denise, binti wa Mzee, aliyeko Arizona, naye akanipigia mimi.

"Bwana Zielke," alisema, "baba yangu si sepetu."

Nikamjibu kwamba ile sepetu niliitafuta katika majimbo matatu na kwamba naiheshimu mno, kwa hiyo asichukulie ni tusi. Akauliza, "Hivi anaongea?"

Nikamwambia anaongea mpaka namwomba apumzike. Anamtaja dereva wake Teddy, aliyekuwa akiimba vibaya njia nzima, hata Mzee akatishia kumripoti kwa redio. Kile kiti cha dereva Mzee hakikalii, wala haweki kofia yake juu yake.

"Teddy nani?" Denise akauliza. "Mimi nina miaka hamsini, na jina hilo sijawahi kulisikia."

Mwishowe akasema uamuzi ni wako. Nami nimekuja kwako.

Ombi langu ni dogo. Mzee Krenz aachiwe kwa ajili ya gwaride la Sikukuu ya Uhuru, tarehe Nne Julai, akiwa ameketi mahali pake, nyuma kulia, na redio mkononi. Na kwa kuwa haileti maana kufunga kifaa asubuhi na kukifungua jioni, naomba baada ya gwaride abaki kwangu moja kwa moja. Chumba alichokuwa akishonea Arlene ni kikavu, kina joto, na kina dirisha linalotazama karakana. Chumvi nitamnyima mwenyewe, kwa masikitiko.

Msije mkasema nimewaachia kitanda kitupu. Kama dhamana natoa shemeji yangu Gerald, mume wa dada yangu. Anapenda bingo, anapenda kulala saa mbili, hana chochote cha asili kinachohitaji kuhifadhiwa, na dada yangu ameshakubali.

Nisalimie wauguzi wote, wapishi, Bibi Lucille na msafara wake mzima, na yule bwana wa mlangoni ambaye siku zote huniuliza mimi ni nani ilhali ananijua.

Wako katika uhalisi,
Delbert Zielke

N.B. Jana, baada ya kuimaliza barua hii, nilimsomea Mzee Krenz nikiwa nje ya dirisha lake, kwani zuio lako linalitaja gari, mimi halinitaji. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaniambia kwamba hili si gari lake. Ni la kikosi chake, ndiyo, lakini lake liliungua barabarani na Teddy akiwa ndani. Yeye alirushwa nje. Alijua tangu siku ile ya kwanza, alipokanyaga tu. Nikamuuliza mbona hakusema. "Kijana, ulikuwa umelipaka rangi vizuri vile, ningeanzia wapi?" Kwa hiyo si kifaa changu, na hoja zote nilizoandika hapo juu naziondoa. Yeye anasema niitume hivyohivyo, kwa kuwa pale nilipomtoa Gerald dhamana pamemfurahisha. Anasema pia kwamba kile kiti cha nyuma kinamuumiza mgongo, kwamba angependa Ijumaa nimpeleke kula samaki wa kukaanga kwa gari la kawaida lenye kiyoyozi, na kwamba muda wote huu alikuwa akipanda kwa sababu mimi nilionekana mtu anayehitaji wa kuongea naye. Hilo la mwisho si kweli. Naomba jibu lako kabla ya Ijumaa.