Sumaku ya Kwaya na Yai la Germain

Jumatatu, 3 Machi
Maabara iwe yangu, au Germain ataijaza kuku! Mère Émilienne, mtawa na mkuu wetu wa shule, ametamka: Ijumaa kila mmoja aonyeshe atakachofanya mle, mshindi apewe ufunguo. Germain anafundisha biolojia na anafuga kuku nyuma ya darasa. Mimi nafundisha kemia na nina akili. Nitachunguza umbo la protini kwa NMR! Unaweka protini kwenye sumaku kali, unaipigia mawimbi ya redio, atomi zinajibu. Majibu yanaonyesha protini imejikunja vipi. Redio ninayo.

Jumanne, 4 Machi
Sumaku nimepata! Ilikuwa ndani ya spika ya kwaya. Mama Suzanne, kiongozi wa kwaya, aliuliza naifungulia nini. Nikasema naitengeneza. Akanibariki. Nilisikia aibu, ikapita.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi
Sumaku ya NMR lazima ipozwe mno. Carine wa sokoni akaniazima katoni ya samaki, thomson walioganda. Nikailaza sumaku juu yao ndani ya friji ya maabara. Umeme ukakatika! Samaki wakayeyuka, maabara ikanuka. Germain akapita ameziba pua: "Clovis, weye unauzishaka samaki sasa?" Nilimchukia. Kisha nikamwomba yai, maana ute wake umejaa protini. Akanipa kubwa, huku anacheka.

Ijumaa, 7 Machi
Siku yangu! Mère mbele, Germain mlangoni na kuku kwapani, kwaya nyuma wanadai spika. Nikaeleza: katika yai bichi protini zimejikunja kwa mpango. Ukilichemsha zinajikunjua na kushikana ovyo. Sasa tuzisikilize zenyewe. Yai juu ya sumaku. Redio chini ya meza, nikaiwasha. Kimya. Nikazungusha kitufe.
Yai likaanza rozari!
Ilikuwa redio ya parokia, nikapiga kelele kueleza. Nani alisikia? Mama Suzanne alishapiga magoti, analia: "Bwana, hata mu yai uko!" Kwaya nzima ikaitikia. Mère naye akafanya ishara ya msalaba.

Jumapili, 9 Machi
Maabara ni chumba cha maombi hadi Pasaka. Ufunguo kapewa Germain, kwa kuwa kuku aliyetaga ni wake. Kuku mwenyewe kapewa meza yangu. Nimelia, sifichi.
Lakini leo katikati ya misa nimegundua kosa langu. Sumaku ilikuwa ndogo! Na kanisa lina spika nne mpya, kubwa kuliko ile ya kwaya. Baada ya misa nimemwendea padri, nikamwambia zinakoroma, nitamtengenezea.
Amenibariki.