Mkate wa Otmar Waenda Mashindanoni

Jumatatu, 8 Julai 1996. Ushirombo.
Otmar ameoka tena! Mume wangu, tanuri lake la pipa, na unga hadi kwenye nyusi. Mzuri jamani! Nilishindwa kula kwa kumtazama. Baadaye nilikula nusu mkate. Doa moja tu: anasema tusipopata mtaji mwezi huu, atakwenda Rwamgasa kushuka duarani, kwenye mashimo ya dhahabu. Otmar wangu chini ya ardhi! Nililia. Akanifuta machozi kwa mikono yake yenye unga, nikabaki na uji usoni. Nimeapa: duarani hashuki.

Jumatano, 10 Julai.
Mungu yupo! Wafanyabiashara wa Shinyanga mjini wametangaza shindano la mipango ya biashara. Atakayeshinda anapata tajiri wa kumwekea mtaji. Mzee Mihayo, aliyekuwa mshenga wetu, alilisoma tangazo sokoni akaja kutusimulia. Alisema kila mshindani aeleze bidhaa, wateja na mahali, tena kwa ukamilifu.

Maskini Mzee Mihayo. Msukuma halisi, ulimi wake na herufi r hawajuani. Hata siku ya posa alisema amekuja kuzungumzia mahali. Mimi wa kidato cha nne nikamsahihisha kimoyomoyo: mahari. Matajiri wana akili! Mwanaume aliyetoa mahari yote hawezi kukimbia na mtaji wa watu. Otmar alitaka akalisome tangazo mwenyewe. Nikamwambia asichoke, ameoa msomi. Akacheka lile cheko lake. Lo!

Ijumaa, 12 Julai.
Nimemaliza. Bidhaa, mistari minne. Wateja, mistari mitatu. Mahari, kurasa sita! Nimemwelezea kila ng'ombe, hasa yule mwekundu mwenye pembe zilizopinda, ambaye Otmar alimswaga mwenyewe kwenye mvua huku akiimba. Kuandika tu nimelia tena.

Jirani yetu Paskalia naye anashindana, na sabuni yake ya mafuta ya pamba. Alinichungulia uani akaniuliza kwenye mahali nimeweka nini. Nikamjibu, ng'ombe. "We Lukresia, unauza mikate au maziwa?" Wivu tu. Yeye alitolewa mbuzi na baiskeli.

Jumanne, 16 Julai. Shinyanga.
Aibu! Aibu na furaha, sijui nianze na ipi.

Mkuu wa waamuzi alikuwa Champaben, mwenye duka la unga la jumla, ambaye wote humwita Mama Hemal. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba. Akasoma kurasa zote sita, akavua miwani. Akauliza mahali ni wapi hasa. Nikajibu Kolandoto, kwa baba. Akasema vizuri, kuna hospitali, wateja hawatakosa. Nikamwambia ng'ombe hawauzwi, mama, na mmoja ana mimba.

Ukumbi ulicheka hadi mwamuzi mmoja akatoka nje. Mama Hemal akarudia polepole: "Bibi, mahali. Pahali mnapouzia."

Nilitamani sakafu inimeze. Otmar akasimama mbele ya watu wote, akasema hata yeye angeandika hivyohivyo. Mwanaume huyo!

Paskalia ameshinda. Lakini Mama Hemal alikuwa ameonja mkate wetu. Akaagiza chai, akakata kipande cha pili, akauliza tena: wapi? Kwa kuchanganyikiwa nikataja jina lililokuwa likininyima usingizi: Rwamgasa! Akapiga meza. Akasema ndiyo, wachimbaji wana njaa, na lori lake linapita huko kila wiki. Atatoa unga na mapipa mawili, mradi tanuri liwake Rwamgasa kabla mwezi haujaisha.

Kwa hiyo Otmar anakwenda Rwamgasa. Na mimi ndiye niliyempeleka.

Jumapili, 21 Julai.
Tunafunga mizigo. Duarani hashuki! Atakuwa juu ya ardhi, ubavuni kwangu, mweupe kwa unga. Ameniambia kwa upole kwamba safari hii bahati imetubeba; siku nyingine tuulize kwanza. Ana busara mume wangu! Nikakubali kwa moyo wote.

Jioni, redio ya Paskalia imetangaza shindano jingine, la Mwanza. Mipango ya kanga ipelekwe kwa Bwana Mifugo. Bwana Mifugo na nguo wapi na wapi, sijui, na si kazi yangu kuuliza. Nimeshajaza kurasa nne kuhusu kanga niliyoletewa na Otmar siku ya harusi. Rangi, pindo, maneno yake, vyote nimeeleza.