Kiberiti cha Mayaka

Jumatatu, 3 Juni 1996
Nimepata kazi. Karibu nipate. Shule ya bweni ya wasichana inatafuta mpishi, na mwalimu mkuu ameonja maharagwe yangu akarudia sahani. Kilichobaki ni cheti cha afya. Sista Jerusha wa zahanati anataka nimletee choo kikubwa ndani ya kiberiti, Alhamisi asubuhi. Hapo ndipo shida. Tumbo langu linanguruma tangu Pasaka. Mke wangu Mellen anasema ni minyoo, kwa kuwa nakula mapera bila kuyaosha. Nikamjibu kwamba mpishi anajua usafi kuliko mke wa mpishi. Ameweka sabuni mlangoni.

Jumanne, 4 Juni
Dawa imepatikana: nipeleke choo cha mtu mwingine. Shemeji Mayaka, kaka yake Mellen, ndiye mwenye afya kuliko wote hapa Kehancha. Mashavu yamejaa. Analima tumbaku peku kutwa nzima. Nimemwambia serikali inapima wanaume wenye nguvu wilayani. Amefurahi sana. Ameahidi kujaza.

Alhamisi, 6 Juni
Amejaza mpaka kiberiti hakifungiki. Nimeandika jina langu juu kwa kalamu nyekundu. Jioni nimejaribu aproni mbele ya kioo. Inanikaa vizuri.

Ijumaa, 7 Juni
Aibu kubwa. Sista Jerusha ameniita ndani, akafunga mlango. Safura, aina ya minyoo. Hajaona nyingi namna hiyo mwaka huu. Akaeleza kwamba huingia kwenye nyayo za mtu anayetembea peku penye udongo wenye kinyesi, kisha hukaa tumboni zikinyonya damu. Akanivuta kope atazame kama nimepungukiwa damu. Akashangaa. Kwa safura hizo, akasema, ningekuwa nimepauka, uso na miguu imevimba, nikihema kwa hatua kumi. Nikayakumbuka mashavu ya Mayaka. Akanipa vidonge, na cheti akakizuia.

Nikisema kweli, kazi imekwenda. Sijala chakula cha jioni. Mellen ameuliza kama naumwa.

Jumamosi, 8 Juni
Nimepita shambani kwa Mayaka, kumchungulia tu. Nimemkuta amekaa chini katikati ya tumbaku, jembe kando. Alisema anapumzika kidogo. Halafu akasema anapumzika hivyo tangu mvua zianze, ila hakutaka mtu ajue. Nikabonyeza mguu wake. Kidole kikaacha shimo.

Akaniuliza, "Shemeji, serikali ilisema nini?"

Nikamwambia yote. Nilingoja jembe la kichwa. Hakuwa na nguvu za kuliinua, na hilo ndilo lililonitisha. Nikampakia kwenye baiskeli, nikaisukuma mpaka zahanati.

Sista Jerusha alinisikiliza bila kupepesa jicho. Akampima Mayaka damu, akampa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu. Alisema tungechelewa wiki chache, moyo wake ungeshindwa. Mellen alipofika alilia, kwanza kwa ajili ya kaka yake, kisha kwa ajili yangu, kwa hasira.

Kisha Sista akanipa kiberiti kitupu, akanionyesha choo cha nyuma. "Bwana Elkanah, hiki jaza mwenyewe."

Nimejaza. Nina mchango. Ni minyoo wale wa mikono michafu na matunda yasiyooshwa. Tuliporudi nyumbani, Mellen alitazama sabuni ya mlangoni tu.

Ijumaa, 14 Juni
Nimechimba choo kwa Mayaka siku tano. Hakukuwa na choo pale, watu walikwenda kwenye tumbaku. Mellen ndiye aliyenihukumu. Mayaka amesimama juu ya shimo na gambuti mpya, akiniambia bado halijatosha. Rangi imeanza kumrudia, na sauti pia.

Jumatatu, 24 Juni
Mwalimu mkuu bado ananingoja. Kesho napimwa tena. Vidonge nilimeza kimoja, vingine vilikuwa vichungu. Sina wasiwasi. Nimetafakari sana na nimeliona kosa langu: nilichagua mtu kwa mashavu. Mtu huchaguliwa kwa tabia. Nyarangi, mke wa katekista, huchemsha maji ya kunywa, hunawa kwa sabuni kila atokapo chooni, na huvaa viatu hata jikoni. Nimempelekea kiberiti. Ameuliza ni cha kazi gani.

Nimemwambia parokia inapima.